Daluga za Morogoro: Historia ya Kiatu cha Mpira cha Bei Nafuu

Daluga ni jina la mitaani la kiatu cha mpira wa miguu, kile chenye meno chini ya soli. Wengine hukiita njumu. Mchezaji anayestaafu husemwa ametundika daluga. Akirudi uwanjani baada ya miaka kadhaa, iwe kwa mechi za maveterani au kwa ushauri wa daktari, kazi yake ya kwanza ni kutafuta jozi nyingine, maana ile ya zamani ama alishampa mdogo wake ama imekauka na kupasuka juu ya kabati. Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kilomita zipatazo 190 magharibi ya Dar es Salaam, jozi hiyo kwa kawaida hutafutwa kwenye mitumba. Ni desturi iliyozoeleka kiasi kwamba wengi husahau kuwa mji huu huu uliwahi kujengewa kiwanda cha kutengeneza jozi milioni 4 za viatu kila mwaka.

Kabla ya kiwanda na kabla ya mitumba, mpira ulichezwa kwa miguu mitupu. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikazaa karakana, maghala na vibarua wa mshahara; mashamba ya mkonge yakaenea kuelekea Kingolwira na Kimamba; misheni zikafungua shule mjini na milimani. Kote huko mpira wa miguu ulipata wachezaji, lakini kiatu cha kuuchezea kilikuwa kitu cha Wazungu na makarani wachache. Kwa Mluguru aliyezoea kushuka kutoka Matombo au Mgeta na mzigo kichwani, juu ya njia ya mawe na utelezi, mguu mtupu ulikuwa na mshiko mzuri kuliko soli yoyote aliyoweza kuimudu. Hali ilikuwa hivyo Afrika Mashariki nzima, tena kwa muda mrefu. Timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 ilicheza bila viatu dhidi ya wenyeji waliovaa buti nzito za ngozi. Magazeti ya huko yaliona ni kioja. Kwa wachezaji wenyewe ulikuwa mpira wa kawaida, ule waliojifunza nyumbani.

Mpira wenyewe nao ulitengenezwa na wachezaji. Chandimu, jina linalotumika hadi leo kwa mchezo na kwa mpira wake, ni tambara juu ya tambara, siku hizi mara nyingi mifuko ya plastiki ndani ya soksi kuukuu, iliyozungushiwa kamba mpaka ikakaza. Milimani, migomba ilipojaa, majani yake makavu yalitosha. Karibu na mashamba ya mkonge kamba ya katani haikuwa ya kununua. Mpira wa namna hiyo haudundi sana na hauendi mbali, kwa hiyo unamfundisha mtoto kuchezea chini na kwa nafasi ndogo. Pia haumuumizi mguu asiye na kiatu, jambo ambalo mpira wa ngozi ulioloa maji hulifanya bila huruma. Ndiyo maana hitaji la kiatu lilianza pale mpira wa dukani ulipofika shuleni na kwenye timu za kazini. Mpira wa ngozi na daluga vilikuja pamoja, na hadi leo mtoto wa Morogoro huhama kutoka chandimu kwenda viatu siku anapochukuliwa na timu yenye mpira wa kweli.

Viatu vya kiwandani vya bei ya wastani vililetwa Tanganyika na kampuni ya Bata, ambayo nchini Kenya ilikuwa na kiwanda kikubwa Limuru. Raba za turubai zenye soli ya mpira ndizo zilizoingia kwenye nyumba nyingi zaidi: zilivaliwa shuleni, zikavaliwa kwenye mbio, zikavaliwa uwanjani Jumamosi jioni. Azimio la Arusha lilipopita mwaka 1967, Bata ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Baadaye kiwanda cha Dar es Salaam kikajulikana kama Kampuni ya Viatu Tanzania, na viatu vyake kama viatu vya Bora. Ubora wa Bora ulibishaniwa sana, lakini kiatu chake kilipatikana mikoani na fundi wa mtaani aliweza kukishona upya. Miaka hiyo Morogoro ilikuwa na mpira wa hali ya juu. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ikikatiza mfululizo wa Simba na Yanga, jambo ambalo timu za nje ya Dar es Salaam zimelifanya mara chache tu.

Mwaka huo huo wa 1975 serikali iliweka mkakati wa viwanda vya msingi uliopangwa kuendelea hadi 1995. Morogoro ilikwisha kuwemo kwenye orodha ya miji tisa iliyochaguliwa katika Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Maji ya mito ya Uluguru yalikuwepo, reli ilikuwepo, barabara ya lami ilikuwepo, na njia ya kwenda kwenye mikoa ya wafugaji ilianzia hapo. Tanzania ni moja ya nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na ngozi zao ziliuzwa nje zikiwa ghafi. Wazo la kuzichakata na kuzishona hapa hapa lilikuwa zuri. Eneo la Kihonda, kaskazini ya mji, likaanza kujaa majengo marefu, na Morogoro ikapata viwanda vya kusindika ngozi, vya bidhaa za ngozi, vya maturubai na vya nguo za poliesta. Kiwanda cha viatu kilikuwa miongoni mwao, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Hesabu ya kiwanda hicho inafaa kutazamwa polepole. Kingetoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Sensa ya 1978 ilihesabu Watanzania milioni 17.5, hivyo uzalishaji kamili ungetosha kumpa kiatu kipya karibu mtu mmoja kati ya wanne kila mwaka. Lakini mpango haukuwa huo. Robo tatu ya viatu ilikusudiwa kuuzwa Ulaya, na robo iliyobaki ndiyo ingekidhi soko la ndani. Mchumi William Easterly, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, alieleza katika kitabu chake cha 2001 jinsi mambo yalivyokwenda: mashine za kisasa zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, viatu havikuonekana. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wa kiwanda, na mwaka 1990 ulisimama kabisa. Asilimia 4 ya jozi milioni 4 ni jozi 160,000. Yaani hata katika mwaka wake mzuri kabisa, kiwanda kilichojengwa kuvisha nchi kilikuwa na jozi moja kwa zaidi ya watu 100.

Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja kwa pamoja. Jengo lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, kana kwamba lilichorwa kwa ajili ya nchi ya baridi; anayejua joto la Morogoro kati ya Oktoba na Februari anaweza kukisia hali ya mshonaji aliyekaa humo saa nane kwa siku. Ngozi za nchini mara nyingi zilifika na makovu ya kupe, chapa za moto na mikato ya kisu cha mchunaji, dosari ambazo mnunuzi wa Ulaya hazipokei. Dawa za kusindikia ngozi, gundi na vipuri vya mashine vilihitaji fedha za kigeni, nazo zilikauka nchi nzima baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta. Juu ya yote hayo, kiwanda kilibuniwa kwa ukubwa ambao hauna maana isipokuwa kikizunguka mfululizo. Karakana ya watu thelathini ikikosa gundi kwa wiki moja huweza kushona viraka na kulipa mishahara. Mitambo ya jozi milioni 4 ikisimama, gharama zake hazisimami nayo.

Kosa lililozaa mengine, hata hivyo, lilikuwa la kuchagua mguu wa kuvisha. Wachezaji wa timu za Reli na Tumbaku, wanafunzi wa shule za Mzumbe na Kilakala, wakulima wa Mgeta waliohitaji kiatu cha matope, wote walikuwa jirani na Kihonda, na mahitaji yao yalijulikana. Raba imara ya turubai na mpira ingeweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopatikana karibu, kwani kiwanda cha maturubai kilikuwa katika mji huo huo. Mpango ulimtazama mnunuzi wa mbali, ambaye tayari alikuwa na maduka ya viatu vya Italia mlangoni kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uhaba ulikuwa wa kila kitu. Viatu, sabuni, sukari na betri vilifika kwa mgawo, na foleni ilianza kabla ya alfajiri. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilipita kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa hadharani. Zilipokwisha, rafu zilirudi kuwa tupu. Sokoine mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, na chuo kikuu cha kilimo cha mjini humo kikapewa jina lake. Katika miaka hiyo makatambuga, ndara zinazokatwa kwenye tairi kuukuu la gari, yalivaliwa na watu ambao hapo awali wasingeyavaa. Wapo walioyachezea mpira pia, kwa kuyafunga na kamba kifundoni, ingawa tairi ni zito na mguu huchoka mapema.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa nchini bila kuulizwa alikozipata. Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais mwaka 1985, ruhusa hizo ziliongezeka mpaka akaitwa Mzee Ruksa. Nguo na viatu vilivyotumika, ambavyo watu wa zamani waliviita kafa Ulaya kwa dhana kwamba mwenyewe amefariki, viliingia kwa makontena. Jina la mzigo likawa jina la bidhaa: mtumba, mitumba. Kiwanda cha Kihonda kilikuwa bado hakijafungwa. Katika miaka yake ya mwisho, viatu vichache kilivyotoa vilikutana sokoni na viatu vya Ujerumani, Uingereza na Marekani vilivyovaliwa msimu mmoja, vyenye ngozi nzuri zaidi na bei ndogo zaidi. Ni haki kusema kwamba mitumba iliumiza viwanda vya viatu nchini. Si haki kusema iliua kiwanda cha Morogoro, kwa sababu hicho kilikuwa mahututi kabla ya belo la kwanza kufunguliwa.

Kwa mpira wa miguu, mabadiliko yalikuwa makubwa. Kwa mara ya kwanza kijana wa kawaida alivaa kiatu kilichobuniwa kwa ajili ya mchezo huo na kampuni zilizoshindana kukiboresha. Ushindani huo ulikuwa na historia yake. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 mjini Bern, Ujerumani Magharibi iliifunga Hungaria 3–2 kwenye mvua, ikiwa imevaa viatu vya Adidas vyenye meno ya kufunga kwa skrubu, marefu kwa tope na mafupi kwa ukavu. Miaka thelathini na zaidi baadaye, wajukuu wa kiatu hicho walimwagwa juu ya turubai kwenye masoko ya Morogoro, wakiwa wamepauka na kukunjamana, na kazi ya kujua kipi bado kina uhai ikawa ya mnunuzi.

Ujuzi huo wa kuchagua ulijengeka taratibu, na ni hazina kubwa kuliko inavyodhaniwa. Muuzaji mzoefu na mchezaji mzoefu huangalia mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kwanza ni jozi: kiatu cha kushoto na cha kulia viwe vya toleo moja na namba moja, kwani belo huchanganya, na kiatu cha 42 kilichofungwa na cha 41 hakigunduliki mpaka mtu akimbie. Kisha kiatu hukunjwa mahali vidole vinapoanzia. Kikikataa kukunjwa pale na kukunjikia katikati, kiini cha soli kimevunjika. Baada ya hapo dole gumba hubonyeza soli. Hapa ndipo wageni wengi wanapodanganyika, kwa sababu kiatu kinachong'aa kuliko vyote huweza kuwa kibovu kuliko vyote. Soli nyingi za kisasa ni za poliyurethani, na unyevu wa hewa huila poliyurethani polepole hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Joto la safari ndefu ndani ya kontena huharakisha uharibifu huo. Soli inabaki na sura yake, lakini siku ya mechi humeguka kama andazi lililochacha. Kiatu kilichochakaa kwa kuvaliwa mara nyingi hudumu kuliko kilichozeeka kwa kusubiri.

Meno huangaliwa mwisho, nayo husema mengi. Yakiwa yameliwa upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa akikanyagia upande, na soli ya ndani imeshachukua umbo la mguu wake. Mnunuzi atarithi mwendo usio wake na maumivu ya kifundo. Idadi na urefu wa meno huamuliwa na uwanja. Viwanja vingi vya Morogoro vya mchangani, kuanzia Juni hadi Oktoba, huwa vigumu kama sakafu, na hapo meno sita marefu ya chuma yaliyotengenezwa kwa nyasi laini za Ulaya humbeba mtu juu, humkandamiza nyayo na huweza kumtegua goti anapogeuka. Meno mengi mafupi ya mpira ndiyo yanayofaa. Masika, Machi hadi Mei, udongo wa chini ya milima hugeuka utelezi, na mambo hubadilika. Lakini mwenye uwezo wa jozi moja tu huchagua ya kiangazi, kwa kuwa masika mechi nyingi za mitaani huahirishwa zenyewe. Anayerejea baada ya kutundika daluga ana jambo moja zaidi la kukumbuka: mguu hupanuka kwa umri na kwa uzito, na namba aliyovaa akiwa na miaka 20 si lazima iwe namba yake akiwa na 40. Kwa sababu hiyo maveterani huja sokoni jioni, mguu ukiwa umejaa, tena na soksi watakazochezea.

Kiatu kikishanunuliwa hakiendi uwanjani moja kwa moja. Hupitia kwa fundi viatu, anayeketi kwenye kibao chini ya mwavuli au mti, na msharasi, uzi wa nailoni, kipande cha nta na mkebe wa gundi. Fundi hushona soli kuizunguka yote, hata kama gundi ya kiwandani bado imeshika, kwa sababu gundi hiyo haikupimwa kwa ardhi ya moto ya Morogoro. Gharama ya kushona ni ndogo kuliko bei ya kiatu, na huongeza umri wake kwa misimu kadhaa. Mchezaji anayehesabu bei bila kuhesabu kushona hununua mara mbili. Ufundi huu ulikuwepo enzi za Bora, ukashinda uhaba, na umepona kufungwa kwa kiwanda. Kati ya sehemu zote za biashara ya viatu mjini hapa, ndiyo pekee iliyoendelea bila kukatika.

Timu za mkoa nazo zilipita katika njia hiyo ya mitumba. Mtibwa Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena 2000, na wachezaji wa kizazi hicho walikuwa watoto wakati mitumba inaanza kumwagika sokoni. Klabu yenye mfadhili huwanunulia wachezaji viatu vipya, lakini timu za mchangani, ambazo ndizo zinazolisha klabu kubwa, zimeendelea kutegemea jozi zinazopita mkono kwa mkono: kaka humwachia mdogo wake, nahodha humwazima mshambuliaji, na katika timu nyingine mchezaji anayetoka humvulia viatu anayeingia.

Jaribio la kuifunga biashara ya mitumba lilikuja tarehe 2 Machi 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana jijini Arusha kuondoa hatua kwa hatua nguo na viatu vilivyotumika, ili viwanda vya ngozi na nguo vya nchi zao vipate soko. Wauzaji wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikaanza kupitia upya fursa ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa fursa hiyo kwa upande wa nguo. Mitumba ya Morogoro ikaendelea.

Ushindani mkali zaidi kwa mtumba wa viatu leo unatoka China. Daluga mpya za plastiki, zenye rangi za kuwaka na majina yanayofanana na ya kampuni kubwa, huuzwa kwa bei inayokaribia ya kiatu kilichotumika. Mzazi huzipenda kwa sababu ni mpya. Fundi huzilaumu kwa sababu plastiki yake hupasuka kando ya tundu la sindano. Viatu vya ngozi vinavyotengenezwa nchini vipo, kiwanda kikubwa zaidi kikiwa cha Karanga mjini Moshi, cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, lakini kazi yake kuu ni buti na viatu vya ofisini. Kusindika ngozi kumerudi Morogoro kwa mitaji ya watu binafsi baada ya ubinafsishaji. Lakini anayehitaji daluga wiki hii ataipata kwenye turubai la muuza mitumba, aikunje, aibonyeze, kisha aipeleke kwa fundi kabla ya mazoezi ya jioni.